Kuta Zilizoniona

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa ambao sina. Naogopa radi, naogopa malori ya mpakani Rusumo, naogopa simu inayoita mara mbili mfululizo. Mume wangu hunicheka, nami humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha kila mtu anaendelea na kazi yake. Lakini mwaka ule baba mkwe alipokuja kukaa nasi hapa Ngara mjini, woga wangu ulipata sauti. Ilikuwa sauti ya mlango wa bati wa choo cha nje, kila asubuhi, yeye akiufungua.

Choo kile tulikichimba wakati nyumba bado ni msingi. Juu ya shimo tulipanga magogo, juu ya magogo tukakandika udongo, na juu ya udongo tukamwaga saruji nyembamba kama ganda la yai. Kilikuwa cha muda tu. Nyumba ilipokwisha tukahamia choo na bafu vya ndani, vyote katika chumba kimoja kidogo chenye sakafu ya saruji na kuta za plasta ambazo hazikuwahi kuonja rangi. Cha nje tukawaachia mchwa, na mchwa wa kilima hiki hawana uvivu. Siku moja niliingia kuchukua ufagio, nikasikia sakafu inalia chini ya kisigino changu kama debe tupu. Nilitoka kinyumenyume na sikurudi tena.

Baba mkwe alitoka Biharamulo, kijiji cha ndani kabisa ambako ukoo wao ulihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla mume wangu hajazaliwa. Presha ilikuwa imempiga, mguu wa kushoto ukapoteza nguvu, na daktari alitaka aonekane kliniki kila wiki kwa miezi kadhaa. Mama mkwe alikwisha kufariki, na kule kijijini hakukuwa na wa kumpeleka. Akaja kwetu na fimbo, kofia ya pama, na mfuko mzima wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba sisi Wahangaza tunakula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Hakuwa amedanganywa sana.

Kwao, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Chakula chake naweka mezani, narudi nyuma hatua mbili, napiga goti, nasema karibu baba, naondoka. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu naifanyia barazani. Yeye akija kukaa pale kwenye benchi, kila mmoja anaangalia upande wake, tunazungumza kama watu wawili wanaosikiliza redio moja. Nilipoolewa, mama yangu kule Mugoma alisema mila hiyo itanichosha. Haikunichosha. Miaka yote ile mzee alinipa heshima ambayo hata baba zangu wadogo hawajawahi kunipa, na kusema kweli mtu hunipendeza zaidi nisipolazimika kumtazama usoni. Tatizo lilianza jioni ya kwanza, alipouliza maji ya kuoga.

Mwanawe alimwonyesha bafu la ndani. Mimi nilikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni kwetu hautunzi siri.

"Mke wako anaoga humu?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba. Sote tunaoga humu."

"Basi mimi siingii."

"Baba, yeye hatakuwamo."

"Hatakuwamo, lakini kuta hizi zimemwona. Zimwone yeye, halafu zinione na mimi? Hapana. Hiyo ni hatali. Nioneshe kule nje."

Nilisimama na mwiko mkononi, ugali ukaanza kushika chini ya sufuria, na sikuwa na nguvu ya kuugeuza. Nilikuwa nimekwisha kuiona ile sakafu ikifunguka.

Mume wangu alijaribu. Alimwambia mambo yamebadilika, mzee akajibu kwamba yeye hajabadilika. Alimpelekea ndoo chumbani, mzee akaisukuma hadi mlangoni kwa fimbo akisema yeye si mtoto. Tukamwita fundi aangalie kama choo cha nje kinaweza kupona. Fundi aliigonga sakafu kwa nyundo mara moja tu, akatoka. Mdomo wa shimo unajila, alisema, ukiweka saruji nzito utaizamisha pamoja na mtu wake. Shimo jipya lilitaka kupasua mwamba, na kwa mvua za majira yale hakuna aliyekubali kuchimba. Mume wangu akalaza mbao tatu juu ya sakafu ile, akaenda zake kazini Rusumo, akaniachia mimi masikio.

Nilijifunza kumfuata mzee kwa sauti. Bati, fimbo, ubao wa kwanza, ubao wa pili, kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichonimaliza. Nilikuwa nalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, mguu umeganda kwenye pedeli, sipumui, mpaka nisikie ubao wa pili tena, ubao wa kwanza, fimbo, bati. Watoto wetu wawili walikuwa shuleni saa zile na nyumba ilikuwa mimi na yeye tu. Kuna shati moja la shule nililolishonea mikono miwili ya kushoto. Mwenye shati alilirudisha akicheka, nami nikacheka naye, kisha nikaufumua mkono mmoja.

Nitasema hasa nilichokiogopa. Sikuogopa tu kwamba ataanguka. Niliogopa kwamba ataanguka na mimi nitakuwa pale, hatua kumi, mwanamke mzima mwenye nguvu zake, na sitajua kama ninaruhusiwa kuingia.

Asubuhi moja nikasikia kitu kinavunjika. Hakikuwa kishindo, ilikuwa kama mtu anavunja muwa gotini. Nilikimbia hadi kona ya nyumba, na pale kwenye kona miguu ikasimama yenyewe. Naona aibu hadi leo. Mlango wa bati ulikuwa mbele yangu, ningeweza kuushika.

"Baba?"

Kimya.

"Baba, uko salama?"

"Fimbo imezama," akasema kutoka ndani. "Usije."

Nikapiga kelele kumwita jirani yetu, mwalimu mstaafu. Alikuja na kandambili mguu mmoja, akaingia, akamtoa mzee akiwa amemshika kiunoni. Kati ya ubao na ubao kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani. Fimbo ilikuwa imepita, ikaenda yote. Mimi nilikaa chini kwenye matope nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na mzee akanipita bila kunitazama, kama inavyopasa.

"Fimbo ni mti tu, mama," alisema akiwa ameshanipita. "Miti iko mingi."

Kesho yake nikasikia bati. Alikuwa amechonga fimbo nyingine na alikuwa akilizunguka lile tundu.

Wazo lilinijia kwenye cherehani. Mteja alikuwa ameniletea gauni la zamani, kitambaa kizima lakini amelichoka, nami nikakata kipande cha kitenge chenye maua na kukipitisha kifuani kutoka bega hadi bega. Alipolivaa alisema hilo si gauni lake, ni jingine. Nikabaki na sindano mdomoni. Mzee hakusema nyumba ina kosa, wala mimi. Alisema kuta zimeniona. Basi kuta zibadilishwe.

Kufunika bafu zima kwa marumaru hatukuweza hata kuota. Lakini katika duka moja la vifaa vya ujenzi, kule nyuma karibu na misumari, kulikuwa na rundo la mabaki: vipande kumi na vinne vya maua ya bluu, tisa vya rangi ya kahawia vyenye mistari, kumi na sita vyenye samaki, vingine vimemeguka pembe. Hakuna mtu anayeweza kumaliza ukuta kwa rundo kama hilo, kwa hiyo lilikuwa likiuzwa kwa bei ya kutupa, na mwenye duka alifurahi kuliona linaondoka. Nililipanga lote sakafuni mwa duka lake kama ninavyopanga vipande vya kitenge. Nikaona kwamba likikaa mstari mmoja litatosha mkanda wa kuzunguka kuta zote nne, kwa urefu wa kifua. Juu ya mkanda tupake rangi ya mafuta nyeupe, chini yake kijani hafifu. Mtu akiingia, macho yatakwenda kwenye mkanda kwanza, na hatakuwa na nafasi ya kukumbuka ile plasta.

Fundi alikuwa kijana wa kwetu Mugoma. Nilimweleza sababu yote kwa sababu nilitaka asiache hata inchi moja ya ukuta wa zamani. Alicheka mpaka akaweka chini mwiko wake.

"Dada, nimepaka nyumba za watu wengi," alisema, "rakini hii ya kufumba macho ya ukuta ndiyo mara ya kwanza."

"Wewe fumba tu. Fanya haraka."

Hakufanya haraka, na baadaye nilimshukuru. Alitumia mpira mwembamba wenye maji kupata usawa wa kuta zote, akavuta uzi, akaidonoadonoa plasta kwa tindo ili saruji ishike. Marumaru aliyaloweka kwenye beseni langu la kufulia. Aliyabandika moja moja, akiacha upenyo wa kijiti cha kiberiti, na upenyo akaujaza saruji nyeupe kwa kidole chake. Samaki aliwageuza wote waangalie upande mmoja bila kuambiwa. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini ilichukua siku nane, na siku zote nane mzee aliendelea kwenda nje, na mimi nikawa na sikio moja kwa nyundo ya fundi na jingine kwa mbao za choo. Nilipungua hadi pete ikawa inazunguka kidoleni.

Siku ya mwisho yalibaki marumaru sita, ya bluu manne na mawili ya samaki. Fundi alikuwa anaosha vifaa. Mimi nikatazama sakafu. Katikati, pale mtu anaposimama na ndoo yake, saruji ilikuwa imelainika na kuwa nyeupe kidogo. Ni miguu yangu iliyoifanya hivyo, miaka yote ile.

"Weka na hapa," nikasema. "Tengeneza ua."

"Dada, haya ni ya ukutani. Yakirowa yanatereza."

"Sakafu nayo imeniona."

Akanitazama. "Akianguka je?"

"Nitaweka zulia la mpira juu."

Akaniwekea ua la bluu katikati ya sakafu, samaki wawili pembeni, na lilipendeza kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Kosa lile ni langu peke yangu. Mwanamke asiye na baba mkwe kama wangu asingekuwa na sababu ya kulifanya.

Jumapili baada ya ibada mume wangu alimwita baba yake, nami nikajibanza jikoni. Kwao na kwetu pia, nyumba mpya hufunguliwa na mkubwa.

"Baba," alisema, "lile bafu halipo tena. Hili ni jipya, halijamwona mtu. Tunaomba ulifungue."

"Na mke wako ataoga wapi?"

"Amejitengenezea pake."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya jikoni nilikuwa nimezungushia turubai kwenye nguzo nne, na choo mke wa mwalimu alinipa ruhusa ya kutumia chao. Kisha nikasikia fimbo ikiingia, na kucha za mzee zikipita juu ya marumaru, taratibu, ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Malumalu haya yametoka nyumba nyingi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Yanakaa pamoja vizuri." Akavua kofia yake ya pama na kuitundika kwenye msumari nje ya mlango. "Leteni maji."

Nilipomsikia anajimwagia maji, nilikaa juu ya ndoo ya unga, nikaziba mdomo kwa kanga na kucheka bila sauti. Jioni ile mume wangu alipigilia misumari mlango wa bati. Komeo la bafu nilikuwa nimemwambia fundi aling'oe, ili mzee akianguka mlango usitufungie nje, kwa hiyo kofia ile ndiyo ikawa komeo: ikiwa kwenye msumari, mzee yumo, na watoto wanasubiri. Wiki zilizofuata nilishona kola zilizonyooka. Mzee alikwenda kliniki, presha ikashuka, akaanza kutembea hadi dukani kununua ugoro wake. Zulia la mpira alilikunja na kuliegemeza ukutani. Alimwambia mwanawe kwamba ua zuri halifunikwi. Mimi nilipoambiwa nililirudisha, akalikunja tena, na sikuwa na njia ya kumwambia mzee wa watu kuhusu mahali pa kusimama akiwa anaoga.

Wiki ya tano, saa nne asubuhi. Mume wangu Rusumo, watoto shuleni, kofia kwenye msumari. Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nilisikia maji, nikamsikia anaguna wimbo wake ule usiokwisha, halafu nikasikia kitu kikishuka kama gunia la mahindi linaloachiwa kutoka begani. Ndoo ikaviringika. Wimbo ukakatika.

Nilijua papo hapo. Sikujiuliza ni nini. Nililiona ua.

"Baba!"

"Usiingie." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyebanwa.

"Baba, umeumia?"

Hakujibu. Nilisimama mlangoni mkono juu ya mbao, na safari hii kona ya nyumba haikuwapo ya kujificha. Mwalimu alikuwa amekwenda shambani, nilikuwa nimemwona akipita na jembe. Nikasema kwa sauti ambayo sikuitambua, "Baba, naingia. Nimefumba macho."

Nikafumba kweli. Nikausukuma mlango. Maji yalikuwa yamefika kizingitini na yalikuwa bado ya moto. Nilinyoosha mkono hadi nikagusa ukuta, nikapata mkanda: marumaru moja baridi, upenyo, nyingine, upenyo. Nikaufuata. Nilikuwa naburuta miguu ili nisimkanyage na ili mimi mwenyewe nisianguke. Kona ya kwanza. Nikamwita. Hakuna. Vidole vikapita kwenye samaki mmoja baada ya mwingine.

"Baba, sema neno lolote. Kohoa tu."

Kona ya pili. Nilisikia maji yakidondoka na nilisikia pumzi yangu mwenyewe, na pumzi nyingine sikuisikia. Nikafumbua macho.

Alikuwa amelala ubavu juu ya lile ua la bluu, mkono mmoja umebaki chini yake, damu ikitoka kwenye paji la uso na kuchanganyika na povu la sabuni. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nikajua nimemuua. Mchwa walishindwa, shimo lilishindwa, na mimi nimemuua kwa mapambo. Niliwaza mume wangu akishuka kwenye basi jioni na mimi nikitafuta namna ya kumwambia. Nilipiga magoti majini, nikaweka vidole viwili shingoni mwake, mtu ambaye tangu niolewe sikuwahi kumgusa hata ncha ya kidole. Shingo ilikuwa ya moto na mshipa ulikuwa unapiga.

Nilifungua kitenge changu nikamfunika nacho kuanzia kifuani, nikabaki na gaguro la ndani. Nikampitisha mikono chini ya makwapa.

"Baba, simama na mimi. Polepole."

Akasimama. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Uso aliugeuzia ukutani na macho hakuyafumbua, nami nikafikiri ni kizunguzungu. Nikamwongoza hadi chumbani kwake kama anavyoongozwa kipofu, nikamlaza, nikaufunga mlango. Halafu nikatoka mbio na gaguro langu hadi barabarani kutafuta bajaji.

Hospitali walisema kifundo cha mkono kimevunjika na paji la uso likapigwa nyuzi tatu. Nyonga ilikuwa nzima. Daktari alisema ana bahati. Mume wangu alipofika aliniuliza nilimtoaje, nikamwambia nilifumba macho. Hakuuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Kesho yake fundi alikuja, akalivunja ua kwa tindo bila kusema neno, na hilo neno asilolisema nililisikia vizuri. Akamwaga saruji mpya na kuichora kwa ufagio wa chelewa ikawa ya kukwaruza. Lakini mzee hakuingia tena mle ndani. Alimwambia mwanawe ang'oe misumari ya mlango wa bati. Mume wangu akakataa, wakanyamaziana. Siku tatu mzee alijipangusa kwa kitambaa chumbani, na kwa haja nyingine alitembea na mkono wake uliofungwa hadi kwa mwalimu, akisimama mara mbili njiani kushika ukuta. Kwangu hakuwa na neno zaidi ya kuitikia salamu. Siku ya nne akauliza basi la Biharamulo linaondoka saa ngapi.

"Anasema amechoka kukaa kwa watu," mume wangu aliniambia. "Anaondoka Jumatatu."

Kule kijijini hakukuwa na kliniki ya karibu, hakukuwa na wa kumkumbusha vidonge. Tulijua wote wawili maana yake. Nilipika ndizi siku ile nikasahau chumvi, wakala bila kulalamika, na hilo nalo likanitisha.

Jumamosi alitoka barazani asubuhi, mkono kwenye kombeo la kitambaa. Nilikuwa kwenye cherehani. Alikaa kwenye benchi akaangalia barabara, mimi nikaangalia sindano.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba."

Bodaboda mbili zilipita. Nilidhani ndiyo yamekwisha.

"Mama."

"Abee, baba."

"Siku ile ulisema umefumba macho."

"Nilisema, baba."

"Ulifumba?"

Sindano ilikuwa katikati ya kitambaa na niliiacha hapo. Uongo ulikuwa tayari umekwisha kusemwa, nilichotakiwa ni kuukalia tu. Nikisema ndiyo, mila iko palepale, bafu lake liko palepale, na Jumatatu basi litaondoka bila yeye. Nikisema hapana, nimempoteza. Lakini nilikuwa nimeushika mshipa wa shingo yake, na nilishindwa kumdanganya mtu ambaye nimemshika hapo.

"Nilifumba mpaka kona ya pili," nikasema. "Uliponyamaza nikafumbua. Niliogopa umekufa."

Aliinua mkono uliofungwa, akaupanga upya kwenye kombeo lake.

"Kwa hiyo uliniona."

"Nilikuona, baba. Na lile ua nililiweka mimi, fundi alinikataza. Nisamehe."

"Sikuwa nimezimia," alisema. "Nilikusikia unakuja na ukuta. Nilikusikia unaniita. Aibu ilinikaba, nikashindwa kuitika."

Nikageuka nusu, nikajizuia, nikarudisha macho kwenye kitambaa.

"Mbona ulikuwa umefumba macho, baba?"

"Nilijua wewe hutaweza," akasema. "Kwa hiyo nilifumba mimi."

Kisha akavua kofia yake ya pama, akaniuliza kama maji ya kuoga yameshapata moto.